Ugatuzi wa afya: Kuhamisha majukumu ni rahisi kuliko kuhamisha watu

KATIBA iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 iliagiza kaunti 47 zikabidhiwe majukumu yao hatua kwa hatua, katika kipindi kisichozidi miaka mitatu baada ya uchaguzi wa kwanza chini yake. Uchaguzi huo ulifanyika Machi 4, 2013. Kufikia Agosti mwaka huo, huduma nyingi za afya zilikuwa tayari mikononi mwa kaunti, huku hospitali za rufaa za kitaifa zikibaki chini ya serikali kuu.

Kisheria, tangazo katika gazeti rasmi la serikali lilitosha. Kwa wafanyakazi, halikutosha. Muuguzi aliyeajiriwa na serikali kuu alijikuta chini ya mwajiri mpya kabla ya kujibiwa maswali ya msingi. Nani angemlipa mshahara? Nani angempandisha cheo? Akitaka uhamisho hadi kaunti nyingine, angebisha mlango upi? Desemba 2013, wahudumu wa afya waligoma wakipinga mishahara yao kuhamishiwa kaunti.

Mwaka huo huo, madaktari walikuwa wametia saini mkataba wa pamoja na serikali kuu. Ahadi ilitolewa na mwajiri mmoja, lakini walioajiriwa wakawa na waajiri wawili, na kila mmoja akawa anamtazama mwenzake. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 5, 2016 ulidumu siku 100. Walioumia zaidi ni wagonjwa wasiomudu ada za hospitali za kibinafsi.

Funzo kwa kiongozi wa idara yoyote ya umma ni kwamba masuala ya mshahara, cheo na malipo ya uzeeni hujibiwa kwa maandishi kabla ya siku ya mabadiliko, wala si baadaye. Vyama vya wafanyakazi huitwa mezani mapema, na mfumo mpya wa malipo hujaribiwa kabla ya ule wa zamani kufungwa. Jambo ambalo halijaamuliwa husemwa wazi kuwa halijaamuliwa, kwani kimya huzaa uvumi.

Aidha, mfanyakazi anayepinga mageuzi si lazima awe adui wa mageuzi hayo. Mara nyingi ndiye wa kwanza kuona ufa. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta; katika hospitali za umma, gharama ya ukuta huo hulipwa na mgonjwa.