Kichwa cha dirisha la data: jina dogo linaloweza kukupoteza

Mtu anayetumia programu ya R anaijua amri ya View. Unaandika jina la jedwali ndani ya mabano, dirisha linafunguka na majina, tarehe, umri, zone ya afya. Juu yake kuko kichwa. Wengi hawakitazami.

Hapa kwetu Butembo na Beni kichwa hicho kina kazi kubwa, juu ya majina yetu. Kwa Wanande, mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Binti wa kwanza ni Masika. Fungua orodha ya Katwa, fungua ya Beni, fungua ya Mabalako: ni Kambale na Masika toka juu mpaka chini. Macho peke yake hayawezi kukuambia uko kwenye orodha gani.

Wakati wa Ebola, tangu 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, wagonjwa walikuwa 3470 na waliokufa 2287. Mtu aliyemgusa mgonjwa alipaswa kufuatwa siku 21, na orodha ndiyo ilionyesha nani wa kutembelewa leo. Ukichuja orodha ya Katwa ukidhani ni ya Butembo, kuko nyumba ambayo hakuna atakayebisha hodi.

Kichwa kinatoka wapi? R ya kawaida inaandika «Data:» kisha kile ulichoweka ndani ya mabano. Shida ni sisi tunaoita jedwali d, ao data2, ao data2_mwisho. Ukipitisha jedwali kwa alama %>%, kichwa kinabaki nukta moja tu. Madirisha matatu, nukta tatu!

Dawa ni fupi. View inakubali kitu cha pili, kichwa chako mwenyewe:

View(d, "Katwa, kontakti, 14/4/2019, saa 9:30")

Mwaka usikose: Ebola ilirudi upande wa Butembo Februari 2021, na Beni Oktoba 2021, na mafaili ya zamani yangali kwenye mashine. Saa nayo si mapambo. Katika R ya kawaida dirisha linaonyesha data jinsi ilivyokuwa ulipolifungua. Ripoti ya jioni ikiingia, d inabadilika, lakini dirisha la asubuhi linabaki vile vile.

Anayechoka kuandika kila mara atengeneze amri yake:

angalia <- function(x, zone) View(x, paste(zone, nrow(x), format(Sys.time(), "%d/%m/%Y %H:%M")))

Sasa angalia(d, "Katwa") inaandika zone, hesabu ya mistari, tarehe na saa. Hiyo hesabu njo ninayoipenda zaidi: ukijua kontakti ni karibu mia nne na kichwa kinasema 97, utasimama kwanza mbele ya kutuma ripoti.

Jina la mgonjwa lisiingie kwenye kichwa hata siku moja. Anayepita nyuma yako anaona skrini, na picha ya skrini inafika WhatsApp mbio sana. Namba ya fishi inatosha.