Iweto, Wazee na Wahafidhina
Mwaka 2011 David Cameron, Waziri Mkuu wa Uingereza, aliuambia mkutano wa chama chake cha Conservative kwamba anaunga mkono ndoa za mashoga kwa sababu yeye ni mhafidhina: ndoa hufunga watu pamoja. Wanasiasa wetu husema huo ni uzungu tu.

Mimi hufikiria Kitui na Makueni. Kwa mila ya Wakamba, mwanamke asiyejaliwa mtoto aliweza kutoa mahari na kuoa mwanamke mwenzake, iweto. Watoto wa iweto walihesabiwa wa boma hilo na kurithi shamba. Tuelewane: haikuwa ndoa ya mapenzi, na iweto alizaa na mwanamume. Lakini walioiruhusu hawakuwa wanaharakati. Ni wazee, walinzi wa mila wenyewe, waliotaka boma lisizimike.

Kwa hiyo anayedai jukwaani kwamba mila zetu hazijui mwanamke kuoa mwanamke, hajamuuliza nyanya yake.

Leo kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatishia mashoga wa huko huko na miaka 14 jela. Mwanasiasa wa Ukambani akiwatetea, si lazima aige London. Hesabu ya wazee inamtosha: kwanza kila mtu awe na boma.