Kutoka Mfongo Hadi Bafuni: Maji na Jirani wa Chini

Utamaduni wa taifa mara nyingi hutajwa kwa ngoma zake, mavazi yake, mashairi yake na vyakula vyake. Hayo ni kweli, lakini si yote. Namna watu wanavyoyaleta maji nyumbani, wanavyoyagawana, na wanavyoyaondoa yakisha kutumika, nayo ni sehemu ya utamaduni, tena sehemu inayoonyesha wazi jinsi wanavyomheshimu jirani. Katika insha hii tunakusudia kuutazama mji wa Moshi na miteremko ya Kilimanjaro iliyo juu yake, tuone jinsi maji yalivyosafiri kutoka mfereji wa udongo hadi bomba la bafuni, na ni mambo gani yaliyosafiri pamoja nayo, na yapi yaliyoachwa njiani.

Mfereji wa Wachagga huitwa mfongo, na ikiwa mingi ni mifongo. Wageni kutoka Ulaya walioandika habari za mlima huo katika karne ya 19, kama Charles New aliyefika mwaka 1871, na Harry Johnston aliyekaa Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1884, waliikuta mifongo imekwisha kuwapo, ikinywesha migomba ya vihamba na mashamba ya ulezi. Kazi hiyo haikuletwa na mkoloni wala na mtaalamu wa ng'ambo. Ilibuniwa na wenyeji, ikarithishwa kutoka kizazi hadi kizazi, na mamia ya mifongo yakaitanda miteremko ya kusini na mashariki ya mlima.

Uchimbaji wake ulihitaji elimu kubwa. Maji yalichepushwa kutoka mtoni, mahali palipo juu sana, kwa kizuizi cha mawe, magogo, majani na vigogo vya migomba. Kutoka hapo mfongo uliambaa ubavuni mwa mlima, ukikata kona baada ya kona, na palipokuwa na korongo maji yalivushwa kwa magogo yaliyochongwa ndani kama mitumbwi. Mteremko ukizidi, maji huenda kasi na kuula udongo hata mfereji ukabomoka. Ukipungua mno, maji husinzia, matope yakajaa. Mafundi wa zamani hawakuwa na vyombo vya kupimia vya kisasa. Waliyafuata maji yenyewe, nayo yakawa kipimo chao. Leo fundi wetu hubeba chombo chenye tone la hewa ndani ya kioo, nacho tunakiita pimamaji. Wazee wale waliufanya upimaji huo kabla ya kukijua chombo.

Lakini elimu ya mteremko pekee haikutosha. Mfongo ulikuwa na sheria. Ukoo uliouchimba ulikuwa na haki ya kwanza juu yake, na ulisimamiwa na mkuu wake, ambaye sehemu nyingine za mlima huitwa meni mfongo. Kila mwenye kihamba alipewa zamu, na siku ya kusafisha mfereji au kutengeneza kizuizi kilichochukuliwa na mafuriko, kila mtumiaji alipaswa kutokea na jembe lake. Asiyetokea alitozwa faini au alinyimwa maji. Maji ya usiku yaliweza kuhifadhiwa katika bwawa dogo liitwalo nduwa, yakafunguliwa asubuhi. Msingi wa yote ulikuwa kwamba mtu wa juu hayuko peke yake: chini yake yuko jirani anayengoja, na chini ya jirani huyo yuko mwingine.

Hata hivyo hatuna budi kusema ukweli wote. Sheria hizo hazikuondoa magomvi. Wizi wa maji ulikuwapo, na wakubwa walijipendelea. Zaidi ya hayo, kutoka mferejini hadi jikoni maji yalikwenda kichwani mwa mwanamke na mtoto wa kike. Kwa hiyo tunaposifu mfongo, tusimsahau mama aliyeinuka alfajiri na kibuyu, akapanda mteremko huku umande ukimlowesha. Bomba lilipofika mlangoni, wa kwanza kutuliwa mzigo alikuwa yeye, na hiyo ni heshima ambayo historia lazima iipe bomba.

Wala tusidhani kwamba bafu la ndani ni jambo la kuigwa kutoka Ulaya. Katika pwani yetu, jumba la Husuni Kubwa la Kilwa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, lina birika la kuogea lenye pembe nane. Huko Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888, aliwaletea watu wa mjini maji ya mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji, na akajenga hamamu ambayo jina lake limebaki katika mtaa wa Hamamni. Basi nchi yetu ilikuwa na elimu mbili za maji: ya pwani, iliyoyaingiza ndani ya nyumba ya mawe, na ya mlima, iliyoyagawa kwa zamu miongoni mwa koo. Mjini Moshi elimu hizo zilikutana.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji ukakua kando ya stesheni, tambarare, chini ya Moshi ya zamani iliyokuwa mlimani. Baada ya Wajerumani kuondoka, serikali ya Mwingereza ilianza mwaka 1923 kutunga sheria za maji, na haki iliyokuwa ya ukoo ikaanza kuandikwa katika karatasi za ofisi. Baada ya Uhuru, serikali ilitangaza mwaka 1971 mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Lengo hilo halikutimia lilipofika mwaka 1991, lakini liliweka imani kwamba maji safi ni haki ya wote. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Ujerumani, vijiji vya Wilaya ya Hai vilijengewa mabomba kutoka chemchemi za mlimani, na watumiaji wakaunda vyombo vyao vya kuyasimamia, kama vile vya Uroki-Bomang'ombe na Losaa-KIA. Mjini, kazi hiyo ilikabidhiwa mamlaka ya maji iliyoanzishwa mwaka 1998, ambayo huteka maji katika chemchemi kama za Nsere na Shiri.

Bomba la mlimani lina tabia yake. Kila mita 10 za kushuka huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa inayotuzunguka. Chemchemi ikiwa mita 300 juu ya nyumba, bomba lisilo na kituo njiani lingebeba mgandamizo wa mara 30, na koki zote zingepasuka. Ndiyo sababu mainjinia hujenga matangi madogo njiani, maji yapumzike, yapoteze nguvu, kisha yaendelee. Atakayeyatazama vizuri matangi hayo ataona kwamba yanafanana na nduwa: kazi yake ni nyingine, lakini yote mawili hukomesha haraka ya maji kwa manufaa ya aliye chini.

Siku hizi familia nyingi za Moshi, Marangu, Machame na Kibosho zinajenga upya mabafu yao. Choo na bafu vilivyokuwa uani vinaletwa ndani. Karai na kata vinaacha nafasi kwa bomba la mvua. Sakafu ya saruji inavikwa marumaru. Ni maendeleo, na hatuna sababu ya kuyabeza. Fundi bomba mwenye ujuzi hupitisha mabomba ukutani, huyajaza maji na kuyapima kwa mgandamizo kabla ya marumaru kubandikwa, kwa maana uvujaji uliofunikwa ni hasara isiyoonekana. Bomba la maji machafu hulilaza kwa mteremko wa kiasi, kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Likilala mno, uchafu hukwama. Likisimama mno, maji hukimbia na kuuacha uchafu nyuma. Na hapa tunaisikia tena sauti ya wachimba mfongo! Kanuni ni ile ile. Udongo tu umekuwa plastiki.

Kanuni ya mteremko, basi, imefika bafuni salama. Je, kanuni ya jirani imefika? Hapo ndipo penye shaka. Mfongo ulipita mbele ya macho ya watu. Aliyeuchafua alionekana, na aliyeufunga alijulikana kwa jina. Bomba hupita ndani ya ukuta na chini ya ardhi. Mwenye nyumba hufungua koki asimwone aliye juu, huvuta maji ya choo asimwone aliye chini. Anayepamba bafu kwa marumaru ghali, kisha akachimba karo lisilo na kina wala ukuta, au akaelekeza bomba lake korongoni usiku wa mvua, amelijenga bafu lake ndani ya maji ya mwenzake. Mlimani hakuna mahali paitwapo mbali: kilichotupwa kwetu hufika kwa mwingine. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nasi twaongeza kwamba ukisha kuyaoga, huna budi kuyasindikiza.

Mji wenyewe unatupa mfano. Maji machafu ya sehemu za Moshi zilizounganishwa na mfumo wa umma huteremka hadi mabwawa ya kusafishia upande wa Mabogini, na huko wakulima wamekuwa wakiyatumia kustawisha mpunga. Maji yale yaliyotoka bafuni yamerudi kuwa mfereji wa shamba. Kutoka tambarare hizo mito huendelea hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani huyapeleka kwenye mitambo ya umeme na hatimaye baharini. Safari hiyo yote huanzia katika miteremko ile ile.

Ndugu walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi nyepesi: waanzie kwenye koki ya shule, waulize maji yake yanatoka chemchemi gani na ni nani anayelinda msitu wake, kisha waanzie kwenye shimo la bafu, waulize maji hayo yanakwenda kwa nani. Wakipata majibu ya maswali yote mawili, watakuwa wameuelewa mfongo kuliko kwa kukariri habari zake. Na kijana atakayechagua ufundi wa bomba asiuone kuwa kazi duni. Amerithi nafasi ya wale waliowagawia watu maji kwa zamu, na pimamaji iliyo mkononi mwake imempa jukumu la kumkumbuka jirani wa chini.