Topesumu ya Nyamongo na Maji ya Mto Tigithe

Uchimbaji mkubwa wa dhahabu ulipoanza Nyamongo, wilayani Tarime, mwaka 2002, katika ardhi ambamo wachimbaji wadogo walikuwa wakitafuta dhahabu kabla ya kampuni kuingia, ulileta pia taka za aina mbili: topesumu, yaani matope yenye kemikali yanayobaki baada ya dhahabu kutenganishwa na mwamba, na mawe yenye salfa, ambayo yakikutana na hewa na maji hutoa asidi inayoyeyusha metali na kuzichukua hadi mtoni. Hatari hii ya pili ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu asidi huendelea kutoka hata uchimbaji ukisimama.

Mwezi Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi huo wa Nyamongo, uitwao North Mara, uliokuwa chini ya kampuni ya Barrick tangu 2006, yakaingia katika Mto Tigithe, ambao wanavijiji waliutegemea kwa kunywa na kunywesha mifugo, na ambao humwaga maji yake katika Mto Mara uelekeao Ziwa Viktoria. Miaka kumi ilipita kabla ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), Mei 2019, kuutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la topesumu. Muda huo ni mrefu mno kwa watu walioutegemea mto huo. Julai bwawa likafungwa, na Septemba likaruhusiwa kutumika tena.