Wufa ya mtumba, sheria ya 1931 na M-Pesa

Leo naweka pembeni mambo ya programu (kidogo tu, mnanijua). Hapa Athi River wengi wetu hununua amplifaya, wufa na dek za kaseti za Ex-UK kwa kuangalia picha mtandaoni. Unatuma M-Pesa, mzigo unapakiwa kwenye matatu Nairobi, jioni unaufungua... na hapo ndipo unajua umenunua nini. Picha haina sauti. Mzigo ukiwa mbovu, hasara ni ya nani?

Swali hili ni la zamani sana. Mwaka 1603 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Chandelor na Lopus. Mfua dhahabu aliuza jiwe kwa pauni 100 akisema ni bezoari, lile jiwe la tumboni mwa mnyama ambalo watu waliamini linatibu sumu. Kumbe sivyo. Mahakama ikasema kutamka tu hakumfungi muuzaji kama hakutoa dhamana. Yaani mnunuzi ajitazame mwenyewe!

Waingereza walikuja kuandika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa mwaka 1893, na yetu ya Kenya, Sura ya 31, iliyotokana na hiyo, ni ya 1931. Ndiyo tunayotumia mpaka leo. Inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo, hata kama muuzaji ni jirani anayehama nyumba. Akiwa ni mfanyabiashara wa vitu hivyo, lazima pia viwe na ubora unaofaa sokoni. Lakini kuna kipengele kimoja kitamu: ukishakikagua kitu, kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona ni mzigo wako.

Sasa fikiria Luthuli Avenue pale Nairobi. Muuzaji anachomeka spika, anafungulia sauti mpaka kifua kinatetemeka, wewe unasikiliza kama kuna mkwaruzo. Ukilipa, umekubali ulichosikia. Yule aliyenunua kwa tangazo hakukagua chochote, kwa hiyo kisheria yeye ana nguvu zaidi! Katiba ya 2010, kifungu cha 46, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 zikaongeza ulinzi, na hiyo ya 2012 inataja hata mikataba ya intaneti.

Mbona basi anayelia ni huyo wa mtandaoni? Kwa sababu ya pesa. Hapa naomba niongee kama mtu wa programu.

Kitu cha kwanza kuuzwa eBay, mwaka 1995, kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika, dola 14.83. Mwanzilishi, Pierre Omidyar, alimwuliza mnunuzi kama anaelewa kuwa ni mbovu. Akajibiwa kwamba yeye hukusanya mbovu. Ukweli ulikuwa mezani. Lakini biashara ya wageni wasiojuana ilihitaji zaidi ya uaminifu, ndiyo maana Alipay ya China, mwaka 2004, ilijengwa ishikilie pesa katikati mpaka mnunuzi aseme mzigo umefika salama.

M-Pesa haikujengwa hivyo. Jaribio la 2005 lilikuwa la kulipa mikopo midogo, na ilipozinduliwa Machi 2007 tangazo lake lilihusu kutuma pesa nyumbani. Mama kijijini hahitaji kuthibitisha kwamba wufa inanguruma. Ukituma, zimefika, basi. Sisi wenyewe ndio tuliigeuza kuwa kaunta ya duka, na hatari yote ikahamia kwa mnunuzi bila Bunge kubadilisha hata neno moja.

Tangu Aprili 2021 kuna Mahakama ya Madai Madogo, hadi shilingi 1,000,000, na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Huko utaulizwa maelezo yalisema nini, kwa hiyo lihifadhi tangazo kabla hujatuma pesa, maana matangazo hufutwa upesi. Omba video ya kifaa kikicheza, na picha ya mgongoni panapoandikwa volti. Amplifaya ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120, na ukutani kwako kuna 240. Muuzaji aliyeandika "inafanya kazi vizuri" huenda hakudanganya. Ilifanya kazi vizuri, Osaka.