Mzee akianza kusahau: picha ya ubongo inaonyesha nini?

Huko Butembo na Beni, mzee akianza kusahau majina ya watoto wake ao kupotea njia ya kurudi nyumbani, kuna majirani wanaosema ni uchawi. Waganga wanasema inaweza kuwa ugonjwa wa ubongo.

Mashini inayoitwa IRM inapiga picha ya ubongo kwa nguvu ya sumaku, bila kupasua kichwa. Ubongo wa kila mtu unapungua kidogo na uzee. Lakini kwa mwenye Alzheimer, hipokampe, sehemu inayosaidia kumbukumbu, inasinyaa haraka zaidi. IRM inaonyesha pia mahali mishipa midogo imeharibiwa na tansio.

Kule Kinshasa, Jean Ikanga na wenzake walichunguza wazee Wakongomani kwa IRM na vipimo vya damu, kwani uchunguzi mwingi wa ugonjwa huu ulifanyika Ulaya na Marekani.

Picha inasaidia pia kufuata dawa. Lecanemab, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2023, inapunguza mwendo wa Alzheimer, haiponyeshi. Mgonjwa anapigwa IRM mara kwa mara, sababu dawa hiyo inaweza kuvimbisha ubongo ao kuleta damu ndani yake.

Hata pasipo IRM, munganga anaweza kupima tansio, sukari na malaria, na kuuliza mzee anakunywa dawa gani. Mzee akichanganyikiwa ghafla, apelekwe hospitali siku ile ile: mara nyingi sababu yake inatibika. Kumshitaki uchawi kunamchelewesha tu.