Mfagizi Kwenye Bajeti ya Khalifa

Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Cairo aliyefariki mwaka 1442, alituachia bajeti ya maktaba iliyokwisha kutoweka zamani kabla yeye hajazaliwa. Ni maktaba ya Dar al-Ilm, iliyofunguliwa na Khalifa al-Hakim mwaka 1005. Karatasi za wanakili zilitengewa dinari 90 kwa mwaka. Mtunza vitabu alilipwa 48. Maji, 12. Kutengeneza vitabu vilivyochanika, 12. Kukarabati pazia, dinari moja. Mikeka ilikuwa na fungu lake, mazulia ya msimu wa baridi nayo lake, na humo humo, kati ya maji na wino, yumo mhudumu wa usafi: dinari 15. (Ukijumlisha mafungu yote unapata 209, ilhali jumla iliyoandikwa ni 257. Wahasibu hawakuanza leo.)

Zile dinari 15 ndizo zinazonishughulisha. Mhudumu yule alipata karibu theluthi ya mshahara wa mtunza vitabu, na zaidi ya fedha zote za kutengeneza vitabu. Jina lake halimo. Hata hivyo aliyepanga bajeti alimhesabu kuwa mtu wa maktaba, akamweka daftari moja na wanazuoni. Leo nenda maktaba nyingi za umma au za vyuo hapa kwetu, uliza mfagizi ni wa nani. Utaambiwa ni wa kampuni ya usafi. Mlinzi getini naye ni wa kampuni ya ulinzi. Zabuni ikiisha, wanabadilishwa wote kwa siku moja, na anayekuja hajui hata chumba cha magazeti kiko wapi.

Nani aajiriwe kuwahudumia wasomaji, na apimwe kwa nini? Swali hili limejibiwa kwa namna tofauti sana, na kila jibu lina gharama yake.

Wenzetu wa miji ya Kiislamu ya zamani walianza na tabia. Al-Muqaddasi, msafiri wa karne ya 10, alipoieleza maktaba ya mtawala Adud al-Dawla kule Shiraz, Uajemi, alitaja watu watatu wanaoiendesha: wakili, mtunza vitabu na msimamizi, waliochaguliwa miongoni mwa waadilifu wa mji. Hao ni watu ambao kadhi angepokea ushahidi wao. Sifa iliyotangulia ilikuwa hiyo. Vitabu ni mali ya wakfu, yaani mali ambayo mwenyewe amekwisha kuitoa kwa ajili ya Mungu, na anayeishika lazima awe mtu usiyemwogopa ukimpa mgongo.

Taj al-Din al-Subki, kadhi wa Damascus aliyefariki mwaka 1370, alikwenda mbali zaidi. Aliandika kitabu kuhusu wajibu wa kila mwenye kazi, kuanzia sultani hadi ombaomba wa barabarani, na mtunza vitabu hakumsahau. Alimtaka atunze majalada na kuyatengeneza, asimpe kitabu asiyekistahili, na asimnyime mwenye haja. Kisha akaweka sharti ambalo sijaliona katika tangazo lolote la kazi nililowahi kusoma: anapotoa vitabu, amtangulize maskini asiyeweza kuvinunua kabla ya tajiri. Kwa al-Subki kazi ya kaunta ni kazi ya haki, na anayeifanya atakuja kuulizwa.

Lakini uadilifu peke yake haukutosha. Mwaka 1395 Cairo ilipata maktaba nyingine ya wakfu, ya madrasa ya Mahmudiyya, yenye vitabu vipatavyo 4,000 na sharti kali kwamba kitabu kisitoke nje ya madrasa. Haikupita miaka 30, mtunza vitabu mmoja akafukuzwa kazi kwa sababu ya upotevu. Aliyemfuata alisifika kwa ukali na msimamo. Vitabu vilipohesabiwa chini yake, karibu kimoja katika kila kumi hakikuonekana, naye akaondolewa. Kazi ikapewa Ibn Hajar al-Asqalani, mwanachuoni mkubwa wa hadithi wa zama zake. Jambo lake la kukumbukwa humo ni orodha mbili alizotengeneza, moja kwa alfabeti na nyingine kwa mada. Wema wa mtu ulikuwa umeshindwa kulinda vitabu. Kilichokuja kusaidia ni mwenye kujua kuhesabu na kupanga.

Hapo ndipo Wamarekani walipoanzia. Melvil Dewey, yule wa namba za desimali unazoziona kwenye migongo ya vitabu, alichapisha mpangilio wake mwaka 1876, na Januari 1887 akafungua shule ya kwanza ya ukutubi katika Chuo cha Columbia, New York. Wanafunzi walikuwa 20, na 17 kati yao wanawake, jambo lililowaudhi wadhamini wa chuo ambacho hakikuwa kikipokea wanawake. Kila kitu shuleni kilikuwa na kipimo. Kulikuwa na mwandiko maalumu wa maktaba, herufi wima zisizo na mapambo, ili kadi iliyoandikwa na mtu mmoja isomeke kama iliyoandikwa na mwingine. Mwenye mwandiko mbaya alikuwa na kazi ngumu ya kupata kazi.

Ni hatua kubwa, na nisingependa kuidharau. Msichana asiye na ukoo wala mjomba serikalini aliweza kuonyesha mwandiko wake, akafanya mtihani, akapata meza. Lakini tazama upande wa pili wa sarafu. Mwaka 1877, katika mkutano wa wakutubi London, Justin Winsor aliyekuwa ameiongoza Maktaba ya Umma ya Boston aliwasifu wasaidizi wanawake, na sehemu ya sifa ilikuwa kwamba ni wa bei nafuu: kwa fedha ile ile usingepata mwanamume wa kiwango chao. Dewey naye, akiwahimiza wanawake waliosoma wajiunge na kazi hii, alieleza kwa nini mwanamume hulipwa zaidi, na moja ya hoja zake ni kwamba mwanamume anaweza kubeba sanduku zito. Fomu ya kujiunga na shule yake iliuliza urefu, uzito, rangi ya macho na ya nywele, na kudai picha. Mwaka 2019 Chama cha Maktaba cha Marekani kiliondoa jina lake kwenye nishani yake kwa sababu ya jinsi alivyowatendea wanawake na ubaguzi wake kwa Weusi na Wayahudi.

Kipimo kilichoonekana cha haki, basi, kilizaa pia tabaka. Juu akakaa mkutubi mwenye shahada, chini msaidizi wa kupanga rafu na kupiga mihuri. Mgawanyo huo ndio uliosafiri hadi kwetu.

Ulikuja kwa njia rasmi. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Makerere mwaka 1963. Mwaka huo huo Tanganyika ilitunga sheria ya bodi ya huduma za maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam. Nairobi ilikuwa na Maktaba ya McMillan tangu 1931, ila Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi 1958. Nchi zilizotoka katika hali hiyo zilihitaji wakutubi wenyeji haraka, na hakukuwa na njia nyingine ila mafunzo na vyeti. Bagamoyo ikapata chuo chake cha ukutubi na nyaraka mwaka 1989. Siwalaumu waliofanya hivyo. Bila vyeti, nafasi zile zingegawiwa kwa kujuana.

Ila Marekani hiyo hiyo ilikuwa na jibu jingine, na sisi hatukulipokea. Kati ya 1935 na 1943, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ililipia maktaba za farasi katika milima ya mashariki ya Kentucky. Walioajiriwa walikuwa hasa wanawake wa huko huko, wengi wao ndio waliokuwa wakilisha familia zao. Mshahara ulikuwa dola 28 hivi kwa mwezi, na farasi au nyumbu kila mmoja alijitafutia mwenyewe. Barabara hazikuwapo, walipita kwenye mikondo ya vijito, vitabu ndani ya mifuko ya matandiko au foronya. Watu wa milimani walimshuku mgeni. Mwanamke waliyemjua, anayesema kama wao na anayejua nani kajifungua na nani mgonjwa, alifunguliwa mlango. Asiyejua kusoma alisomewa. Hakuna mtihani wa mwandiko unaoweza kukupatia mtu wa namna hiyo.

Kenya ilifanya jambo linalofanana na hilo bila, nadhani, kuiga. Mwaka 1996 Huduma ya Taifa ya Maktaba ilianzisha maktaba ya ngamia Garissa, kuwafuata wafugaji wanaohama na mifugo. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema, na msafara hauendi bila wachunga ngamia. Mchungaji hakusomea ukutubi. Lakini ngamia akigoma jangwani, mwenye shahada na vitabu vyake watalala njiani. Ukiniuliza nani mfanyakazi wa maktaba katika msafara ule, nitakuambia ni wote, na anayejua njia ndiye wa kwanza.

Kisha kuna Timbuktu, nchini Mali. Mwaka 2012 wapiganaji wa jihadi waliuteka mji na kuikalia hata Taasisi ya Ahmed Baba yenye maandiko ya kale. Familia zenye maktaba zao zilikuwa zikiyatorosha maandiko kuelekea Bamako, na habari za Abdel Kader Haidara aliyeongoza kazi hiyo zimeandikwa sana. Zilizoandikwa kidogo ni habari za mlinzi mzee wa taasisi ile, mtu asiyejua kusoma, aliyejaza maandiko kwenye magunia matupu ya mchele na mtama, akayasukuma usiku kwa mkokoteni hadi mahali ambapo wengine wangeyapokea. Januari 2013 wapiganaji walipokuwa wakikimbia walichoma maelfu ya kurasa walizozikuta. Sehemu kubwa ya hazina ilikuwa imekwisha kuondoka.

Mzee yule angepeleka maombi ya kazi kwetu leo, asingeitwa hata kwenye usaili. Angeombwa cheti cha kidato cha nne, cheti cha kompyuta, na umri usiozidi 45.

Sisemi vyeti vitupwe. Mahmudiyya inatosha kunikataza. Orodha ya Ibn Hajar na mwandiko wa Dewey viliokoa vitabu ambavyo nia njema peke yake ingevipoteza. Kinachonikera ni kwamba tumechukua mtihani peke yake, tukaacha sharti la al-Subki na jicho la Kentucky. Usaili wa msaidizi wa maktaba kwetu huuliza maana ya maktaba, aina za maktaba, na Dewey aligawa maarifa katika mafungu mangapi. Jibu ni kumi. Mtu anaweza kulikariri kwenye daladala akielekea kwenye chumba cha usaili.

Na kazi yenyewe inafanana na hivi. Saa kumi jioni, mtoto wa kidato cha pili anaingia na sare, jasho shingoni.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Begi liache pale. Unatafuta nini?”

“Kitabu cha baiolojia. Mwandishi simjui. Kina jalada la kijani, kuna picha ya jani.”

Msaidizi mmoja atasema, “Nenda kwenye kompyuta utafute jina,” na kompyuta imezimika tangu Jumatatu. Mwingine atamuuliza ni mada gani wamefundishwa wiki hii, atakwenda naye hadi rafu ya 570, atavuta vitabu vitatu vya kijani na kumwacha achague. Vyeti vya wawili hao vinaweza kuwa sawasawa. Mtoto akirudi kesho au asiporudi tena maisha yake yote, ni kwa sababu ya mmoja wao, na mkutubi mkuu ghorofani hatajua.

Kwa hiyo nina maombi kwa wanaoajiri, iwe bodi, kaunti, chuo au shule yenye chumba kimoja cha vitabu. Usaili wa maandishi uendelee, ni kinga dhidi ya kujuana. Lakini waliofaulu wapelekeni kaunta, saa kumi jioni wanafunzi wanapotoka shule, mkae pembeni muangalie. Waoneni wakiwa na mtoto asiyejua jina la kitabu, na mzee aliyekuja kusoma gazeti bila miwani. Wapeni pia daftari la kuazima lenye makosa wayatafute. Na mfagizi na mlinzi warudisheni kwenye orodha ya mishahara ya maktaba yenyewe, waoneshwe rafu, wafundishwe jinsi vitabu vinavyoshikwa na mahali vinaponyeshewa mvua paa likivuja. Bajeti ya mwaka ujao bado haijafungwa. Fungu hilo liingizeni sasa.